Nani Ajue Ulipo?

Mjini Kakamega nyumba nyingi hazina nambari. Mgeni anayemtafuta mtu Amalemba, Kefinco au Shirere huelekezwa kwa vitu vinavyoonekana na kwa watu wanaofahamika: ashukie steji fulani, apite posho mili, akate kona penye kanisa, kisha aulize dukani. Njia hiyo ina walinzi wake. Mama wa duka humtazama mgeni usoni kabla ya kunyoosha kidole. Humuuliza ametoka wapi na ni wa nani, na akiingiwa na shaka humtuma mtoto akaulize nyumbani kama kuna mtu anayetarajiwa. Mtafutaji hafiki mlangoni kabla yeye mwenyewe hajajulikana.

Siku hizi mgeni huyo hutumiwa pini. Alama moja kwenye ramani ya simu humleta hadi getini bila kuuliza mtu, na kwa hiyo bila kuonwa na mtu. Mabadiliko hayo yalikuja haraka. Katika mwaka mmoja tu, 2017, Google Maps iliwawezesha watumiaji kuonyeshana walipo mwezi Machi, Snapchat ikafuata Juni kwa ramani yake ya marafiki, na Oktoba WhatsApp ikaleta lokesheni ya moja kwa moja inayoweza kuwashwa kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Jambo lililokuwa likipita kinywani mwa jirani likahamia kwenye kitufe.

Ni kitufe chenye manufaa makubwa, na mtu yeyote anayetaka kuzungumza kwa haki juu ya faragha aanze kwa kulikubali hilo. Mwendesha bodaboda anayepeleka dawa usiku kwa mgonjwa hapotei tena vichochoroni. Ndugu anayetoka Nairobi kwa basi la usiku huweza kufuatiliwa na mama yake hadi ashuke salama. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, MMUST kwa kifupi, hukodi vyumba nje ya chuo. Msichana anayetoka maktaba giza likiwa limeingia humtumia mwenzake lokesheni, wakafuatana kwa macho mpaka mlango ufungwe kwa ndani.

Wakenya walijifunza umuhimu wa tabia hiyo kwa uchungu. Januari 2024 wanawake kadhaa waliuawa, wawili kati yao katika nyumba za kupangisha za muda mfupi jijini Nairobi. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu walijitokeza barabarani Nairobi na katika miji mingine kudai mauaji ya wanawake yakomeshwe. Africa Data Hub, pamoja na Africa Uncensored na Odipo Dev, walikuwa wamekusanya kutoka kwenye habari za magazeti visa visivyopungua 500 vya wanawake kuuawa kati ya 2016 na 2023. Katika wiki hizo ushauri mmoja ulizunguka kutoka simu hadi simu: ukienda kukutana na mtu usiyemjua vizuri, mwachie rafiki jina lake, nambari yake na mahali mtakapokuwa, na mwafikiane saa ya kupigiana simu.

Yapo mapokeo marefu zaidi ya kutumia ramani kwa ajili ya uhai, na yalianzia hapahapa Kenya. Januari 2008, ghasia zilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa za watu wa kawaida kuhusu vurugu zinakotokea. Mfumo huo baadaye ulitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Kilichowekwa kwenye ramani ni tukio: hapa pamechomwa nyumba, hapa barabara imefungwa. Aliyeisoma alijua njia ya kuepuka, na mwenye nia mbaya hakuoneshwa mlango wa mtu.

Tofauti hiyo ndiyo mtandao wa leo unayoisahau. Ujumbe anaotumiwa rafiki mmoja, na picha inayowekwa hadharani ikiwa na jina la hoteli na saa ilipopigwa, huonekana kuwa jambo moja kwa sababu vyote viwili hubonyezwa kwenye simu ileile. Kwa kweli ni vitu viwili vilivyo mbali sana. Rafiki akijua ulipo amechukua jukumu: usipofika, ataulizwa. Watu 3,000 wanaokufuata TikTok wakijua ulipo, hakuna hata mmoja kati yao atakayeulizwa lolote. Wamepata habari bila kupata wajibu.

Ulimwengu umekwisha kutoa mifano ya gharama yake. Februari 2010 vijana wa Uholanzi walifungua tovuti ya Please Rob Me, iliyokusanya ujumbe wa watu waliokuwa wakijitangaza kwamba hawako nyumbani. Walitaka kuonya, na hawakuhitaji kudukua chochote, maana kila walichokionyesha kilikuwa kimewekwa hadharani na wenyewe. Desemba 2012, John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alijulikana kwamba yuko Guatemala kwa sababu picha aliyopigwa na jarida la Vice ilichapishwa ikiwa bado imebeba viwianishi vya mahali ndani yake. Februari 2020 mwanamuziki Pop Smoke aliuawa katika nyumba aliyokodi Los Angeles. Kabla ya hapo zilikuwa zimewekwa mtandaoni picha za zawadi alizopokea, na kwenye karatasi ya mfuko mmoja anwani ya nyumba ilisomeka. Hakuna aliyewasha lokesheni. Anwani ilikuwa pembeni ya picha, mahali ambapo macho ya mwenye furaha hayafiki.

Kwa mtu wa Kakamega, hatari ya namna hiyo haihitaji umaarufu. Kila Desemba mabasi hujaa kutoka Nairobi kuelekea Magharibi, na safari hiyo hupendwa kupigwa picha: mizigo ikipakiwa, kituo cha mapumziko Nakuru, kibao cha mwisho kabla ya nyumbani. Kwa ndugu ni habari njema. Kwa mtu mwingine asomaye, nyumba ya Kayole au Kawangware jijini imefungwa na itaendelea kufungwa hadi Januari.

Vilevile kuna matanga. Katika jamii za Waluhya msiba hauwezi kufichwa, wala haupaswi kufichwa. Kwa miongo mingi redio zilisoma matangazo ya vifo zikitaja marehemu, ukoo, kijiji na siku ya maziko, ili jamaa walio mbali wafike. Sasa tangazo hilo hutembea kwenye makundi ya WhatsApp likiwa na picha ya marehemu, pini ya boma, nambari ya mweka hazina na orodha ya waliochanga. Watu wanaokuja kulia pamoja wanahitaji kujua mahali. Lakini orodha yenye majina na nambari za simu za jamaa nzima haihitaji kufika kwa kila aliyetumiwa kiungo cha kundi, na ikishafika huko haiitiki ikiitwa irudi. Familia zinazomteua mtu mmoja kutoa maelekezo, na kuacha orodha ya michango kwa waliochanga, haziwakosi waombolezaji.

Mfano bora wa kupima nini kijulikane na nani ajue uko kilomita chache kutoka mjini, ndani ya Msitu wa Kakamega. Huo ni mabaki ya upande wa mashariki wa misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Kongo, na wapenzi wa ndege huusafiria kutoka pembe zote za dunia. Miongoni mwa wakazi wake ni kasuku wa kijivu, ndege yule hodari wa kuiga sauti ya binadamu, ambaye kwa sababu ya uhodari huo amewindwa na kuuzwa hadi akakaribia kwisha. Nchini Kenya hapatikani porini ila katika msitu huu, na waliobaki hukadiriwa kuwa chini ya kumi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, wakikutana Johannesburg, walikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotolewa porini.

Fikiria basi mtazamaji wa ndege aliyemwona kasuku huyo asubuhi juu ya mti mrefu. Furaha yake ni halali. Anataka kuwaambia wenzake, na sayansi inahitaji aseme, kwa sababu ndege asiyeandikwa popote hawezi kutetewa. Lakini akiweka hadharani mti, njia na saa, amemwandalia mtegaji safari.

Jukwaa la eBird la Maabara ya Ndege ya Cornell, ambalo watazamaji wa ndege hulitumia kuhifadhi kumbukumbu zao, lilitafuta njia ya katikati. Kwa ndege walio hatarini kwa biashara au uwindaji, kasuku wa kijivu akiwemo, kumbukumbu huingia kamili na mwandishi wake huiona kamili. Umma huonyeshwa tu kwamba ndege huyo yumo katika mraba wa kilomita za mraba 400. Msitu wa Kakamega wenyewe una takriban kilomita za mraba 240. Kwa hiyo dunia inaambiwa ukweli, kwamba kasuku yupo upande huu wa Kenya, na ukweli huo ni mpana kuliko msitu anamoishi. Mtafiti mwenye sababu huweza kuomba kumbukumbu kamili, akajulikana jina lake na kazi anayotaka kuifanya. Mama wa duka amerudi kwenye kona yake.

Wanasayansi hao hawakumwambia mtazamaji anyamaze, wala hawakumwambia atangaze kila kitu. Walitenganisha mambo ambayo simu imeyachanganya: usahihi wa mahali, wakati wa kusema na mtu wa kuambiwa. Yeyote aweza kufanya hivyo kwa maisha yake. Aliyekwenda kuutazama msitu na rafiki zake anaweza kuandika "Kakamega" bila kutaja nyumba ya wageni aliyolala. Aliyekula chakula cha mchana hotelini anaweza kuweka picha jioni akiwa amesharudi kwake. Picha haipungui uzuri kwa kuchelewa saa sita. Aliyehama chumba anaweza kuwafurahisha wafuasi wake kwa zulia na mapazia, akaangalia kwanza kama dirisha nyuma yake linaonyesha mnara wa msikiti, jina la duka au nambari ya geti. Na dada yake, au mwenzake wa chumba, akapewa yale yote ambayo wengine hawakupewa: geti, nambari ya mlango, jina la mwenye ploti.

Kuna jambo moja la kiufundi linalostahili kujulikana na kila mwenye simu. Kamera nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. WhatsApp, Facebook na Instagram huondoa habari hiyo picha inapowekwa kwa njia ya kawaida, lakini picha ileile ikitumwa kama waraka au kwa barua pepe huweza kusafiri nayo nzima. Anayeuza shamba, ng'ombe au pikipiki kwa mtu asiyemjua na kumtumia picha zilizopigwa nyumbani huenda anamkabidhi ramani ya boma. Kuzima ruhusa ya mahali kwenye kamera ni kazi ya dakika moja katika mipangilio ya simu.

Kakamega inajua pia kwamba habari ya mahali ina bei sokoni. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa Johnson alipata dhahabu katika eneo hili, na habari ikatoka. Watafutaji walimiminika, migodi kama Rosterman ikachimbwa, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za wenyeji, sheria ambayo ilikuwa imetungwa miaka miwili tu kabla ikiahidi kwamba ardhi hizo zitabaki mikononi mwao milele. Wenye mashamba hawakuulizwa. Watu wa nje walikuwa wameshajua kilichopo chini ya miguu yao, na kujua huko kulitosha kuyageuza maisha yao.

Leo kinachochimbwa ni nyayo zenyewe. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi iliyopakuliwa na mamilioni ya watu. Kazi yake ilikuwa kuwasha mwanga wa simu. Kumbe ilikuwa ikituma mahali mtumiaji alipo kwa mitandao ya matangazo. Januari 2024 tume hiyohiyo iliizuia kampuni ya data iliyojulikana kama X-Mode kuuza habari za mahali nyeti walipopita watu, kama vile kliniki na nyumba za ibada. Mtu aliyepanga foleni kliniki au aliyekwenda kuonana na wakili hakuandika stetasi yoyote. Programu ya bure iliyokuwa mfukoni ndiyo iliyoandika. Kwa hiyo mazungumzo ya usalama hayawezi kuishia kwenye yale mtu anayoposti. Yaanzie kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa kujua alipo, na swali la kila moja: tochi inahitaji hilo kwa lipi?

Wakati mwingine si programu wala mwenyewe. Katikati ya mji wa Kakamega kuna bustani iliyopewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki 1992 baada ya maisha marefu katika siasa za nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 picha za wapenzi waliopigwa kwa siri katika bustani hiyo zilisambazwa mtandaoni, na jina la Muliro Gardens likawa mzaha wa nchi nzima. Watu wengi waliocheka hawakuwahi kufika Kakamega. Waliopigwa picha waliendelea kuishi wakijua kwamba nyuso zao, mahali walipokuwa na mtu waliyekuwa naye vimekwenda wasikoweza kuvifuata. Mtu anaweza kuwa amekosea adabu ya mahali pa umma. Bado kosa hilo halimpi mwenye kamera mamlaka ya kumhukumu mbele ya taifa. Haki hapo ilikuwa ya waliopigwa picha, na hawakuwa na mlango mwepesi wa kuidai.

Tangu hapo milango zaidi imefunguliwa, juu ya msingi uliokuwapo tayari. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na kinataja kwamba habari za familia yake au mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta ilifanya usambazaji wa picha za faragha kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi 200,000. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilikwenda mbali zaidi: inataja data ya mahali miongoni mwa mambo yanayomtambulisha mtu, sawa na jina na nambari ya kitambulisho. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya Immaculate Kassait, ilionyesha Septemba 2023 kwamba sheria hiyo ina meno. Klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Uamuzi huo unagusa vilabu vyote nchini, vya Kakamega pamoja: picha ya mtu akicheza Ijumaa usiku ni tangazo kwamba alikuwa pale, na tangazo hilo ni lake kulitoa au kutolitoa.

Ugumu mkubwa zaidi uko karibu zaidi. Hadi hapa maelezo haya yameonekana kama mashauri ya kumwambia aliye karibu na kumficha aliye mbali, na kwa watu wengi shauri hilo linatosha. Lakini takwimu zinakataa liwe shauri la wote. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 waliuawa kwa kukusudiwa duniani, na 51,100 kati yao waliuawa na wapenzi au jamaa zao. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, katika kaunti ambayo barabara ya A1 huifikia baada ya kupita Kakamega. Polisi walimtaja aliyekuwa mpenzi wake kuwa ndiye aliyefanya hivyo. Mshambuliaji hakuhitaji ramani. Alikuwa akiijua nyumba.

Ndiyo maana sentensi inayosemwa kwa mapenzi, "kama huna la kuficha, niwashie lokesheni," inahitaji kusikilizwa kwa makini. Baina ya wawili wanaoaminiana inaweza kuwa faraja. Inapogeuka kuwa sharti, kwamba ukizima utapigiwa simu mara ishirini na ukichelewa dakika kumi utaeleza ulipita wapi, imeacha kuwa usalama. Kipimo kimoja huitenga faraja na sharti: je, aliyewasha anaweza kuzima bila kuogopa? Anayejibu kwamba hawezi tayari yuko hatarini, hata kama hajapigwa kofi.

Mtu wa namna hiyo hasaidiwi kwa kuambiwa azime tu. Kuzima ghafla kunaweza kumkasirisha anayemfuatilia, na siku za kuondoka ndizo mara nyingi zenye hatari kubwa. Anahitaji kupanga na mtu mwingine anayeaminika, kutumia simu ambayo haijashikwa na yule anayemwogopa, na kujua kwamba kuna nambari ya bure ya 1195 kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Anahitaji pia kukagua akaunti, kwa kuwa ruhusa iliyotolewa wakati wa uchumba huweza kubaki kwenye Google Maps miaka baada ya uchumba kuvunjika. Vifaa vidogo vya kufuatilia vitu, kama AirTag iliyotoka 2021 ili kutafuta funguo na mizigo, vimewahi kutiwa kwenye mikoba na magari ya watu bila wao kujua. Mei 2024 Apple na Google zilikubaliana mfumo wa kumwonya mwenye simu ya aina yoyote kwamba kifaa cha mtu mwingine kinasafiri naye. Anayeona onyo hilo asilifute haraka.

Na kuna mamlaka ya dola. Katika maandamano ya vijana ya Juni 2024 lokesheni zilitumwa kwa mawakili na marafiki ili aliyekamatwa aweze kutafutwa. Simu hizohizo zilikuwa zikiacha alama kwenye minara ya mawasiliano. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano yaanze. Wazazi walijikuta na swali lisilo na jibu rahisi: wamshauri mwana wao awashe ili ajulikane alipo, au azime ili asijulikane? Wengi walitamani yote mawili kwa wakati mmoja, na hawakukosea. Walikuwa wakidai kile Kifungu cha 31 kinachoahidi, kwamba raia asilazimike kuchagua kati ya kuonwa na ndugu zake na kufichika kwa wanaomwinda.

Wapo wasioweza kuchagua hata kidogo, nao ni watoto. Picha ya mtoto wa darasa la kwanza akiwa na sare, jina la shule kifuani na kibao cha geti nyuma yake, humweleza msomaji wapi atampata mtoto huyo kila siku ya juma na saa ngapi atatoka. Wazazi huiweka kwa fahari. Shule huiweka kwa matangazo ya kuandikisha wanafunzi. Katika maamuzi ya Septemba hiyohiyo ya 2023, faini kubwa kuliko zote, shilingi 4,550,000, iliangukia Roma School kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumika, na inataka matumizi hayo yaendeleze maslahi ya mtoto.

Shule za Kakamega hufungua muhula kwa mikutano ya wazazi, ambapo karo, chakula na sare hujadiliwa hadi jua linageuka. Ajenda moja iongezwe: ukurasa wa shule unaonyesha nini, fomu ya idhini iko wapi, na picha za safari ya watoto zitawekwa wakiwa bado njiani au wakisharudi. Mzazi asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyaamua. Anaweza pia kuanza na simu yake mwenyewe jioni hiyohiyo, akarudi kwenye picha za miaka mitatu iliyopita, na kuzifuta zile zinazoonyesha geti.